Machungwa Yanapouzwa Yangali Maua: Mkulima wa Muheza kati ya Dalali, Ruzuku na Sharia

Mvua za vuli zikishanyesha wiki mbili tatu wilayani Muheza, mkoa wa Tanga, mashamba ya michungwa hubadilika harufu. Mkuzi, Potwe, Kilulu, Mtindiro, kote huko miti hufunikwa na maua meupe, na harufu yake huingia hata misikitini wakati wa Alfajiri. Ndio msimu wa nyuki kufanya kazi. Ndio pia msimu ambao madalali hupanda pikipiki na kuanza kuzunguka vijijini.

Dalali wa wakati huu hana haja ya kuona chungwa. Hupita baina ya mistari ya miti, huangalia wingi wa maua, hukisia kimoyomoyo, kisha hutaja bei ya shamba zima. Mwenye shamba naye hukisia, ila yeye hahesabu machungwa. Anahesabu mahitaji: sare za shule za Januari, madaftari, deni la dukani, bati la chumba linalovuja. Wakikubaliana, fedha hutolewa palepale, pengine zote, pengine nusu. Tangu siku hiyo mpaka matunda yatakapokomaa katikati ya mwaka unaofuata, shamba hubaki la mwenyewe kwa jina, lakini matunda yamekwisha kuwa ya mtu mwingine.

Kurasa hizi zimeandika mara nyingi juu ya riba, na inafaa ziandike. Juu ya mauzo haya ya maua tumeandika kidogo mno, ingawa hufanyika baina ya Muislamu na Muislamu mwenzake, aghalabu baada ya wote wawili kutoka kuswali safu moja. Hapa ndipo umasikini wa mkulima wa matunda unapoanzia kila mwaka, na hapa ndipo msaada wa Serikali unapopotea njia.

Yaliyotokea Madina

Jambo hili si geni katika Uislamu. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Zaid bin Thabit (RA) kwamba zama za Mtume (SAW) watu wa Madina walikuwa wakiuza matunda yangali mtini. Ulipofika wakati wa kuchuma na kudaiwa malipo, wanunuzi walikuja na malalamiko: mara tende zimeoza, mara zimepatwa na ugonjwa huu, mara ule. Ugomvi ulipokithiri, Mtume (SAW) akawaelekeza wasiuze tunda mpaka wema wake uonekane. Katika mapokezi ya Anas na ya Ibn Umar (RA), jambo lenyewe limekuja kwa lafudhi ya katazo, na katika mapokezi ya Anas imetajwa sababu yake kwa maana hii: iwapo Allah atalizuia tunda lisipatikane, muuzaji atakuwa amehalalisha kwa kitu gani mali ya nduguye?

Kwa hiyo wengi wa wanazuoni, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi katika pwani yetu, wanasema kuuza tunda kabla ya kuonekana wema wake, kwa makubaliano ya kuliacha mtini mpaka liive, ni mauzo yasiyosihi. Ua si tunda. Na anayeuza maua ya michungwa anauza kitu ambacho yeye hakijui, mnunuzi hakijui, na mti wenyewe haujakitoa.

Pana jambo moja dogo ambalo mtu wa Muheza analijua kuliko mtu wa bara la baridi. Vitabu vya fiqhi vinataja kubadilika rangi kuwa alama ya wema wa tunda. Machungwa ya ukanda wetu wa joto huweza kuiva barabara na ganda likabaki la kijani, kwa kuwa usiku wetu hauna baridi ya kuligeuza manjano. Basi anayesubiri rangi atasubiri mpaka lianguke. Wanazuoni wameliona hilo: kwa tunda lisilogeuka rangi, alama ni kuwa tamu na kufaa kuliwa. Mkulima hulikata moja, akalionja, akajua.

Lipo pia katazo la kuuza mazao ya mti kwa miaka kadhaa mbele, lililopokewa kutoka kwa Jabir (RA). Nalitaja kwa sababu wapo wanaokodisha michungwa kwa misimu miwili au mitatu na kuiita ijara, wakidhani kubadili jina kumebadili hukumu. Ardhi hukodishwa ikalimwa. Mti unapokodishwa ili yaliwe matunda yake ambayo bado hayapo, wengi wa wanazuoni wameyahesabu hayo kuwa mauzo ya matunda yasiyokuwepo.

Nani anapoteza, na kiasi gani

Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Tuseme mkulima ana miti 100, na kila mti umetoa machungwa 400. Hayo ni machungwa 40,000. Ikiwa bei aliyoipata kwenye maua imepungua kwa shilingi 10 tu kwa kila chungwa kulinganisha na bei ya wakati wa kuchuma, amepoteza shilingi 400,000. Ikiwa tofauti ni shilingi 30, amepoteza milioni 1 na laki 2. Hakuna mwizi aliyevunja mlango, wala hakuna polisi atakayepelekewa taarifa. Fedha hizo zimeondoka kwa ridhaa, kwa mkono wa kulia.

Uadilifu unataka tumseme na mnunuzi. Si kila anayenunua maua ni mlanguzi mwenye roho ngumu. Naye ameweka fedha yake mahali ambapo upepo, ukame, ngedere na inzi wa matunda wanaweza kuimaliza. Huyu inzi hasa, aliyegunduliwa Afrika Mashariki mwaka 2003 nchini Kenya na kuenea upesi hadi kwetu, hutoboa ganda na kutaga mayai ndani. Chungwa huonekana zima, ukilipasua lina mabuu. Mnunuzi anayajua hayo, basi hujilinda kwa kushusha bei. Kadiri kitu kinavyokuwa hakijulikani, ndivyo bei yake inavyozidi kuwa ya kubahatisha, na katika kubahatisha huko mwenye shida ya haraka ndiye anayeshindwa. Hilo ndilo gharar wanalolikataza mafaqihi.

Na madhara hayaishii kwenye bei. Mkulima akishauza maua hana tena sababu ya kulihudumia shamba. Apogoe matawi makavu ili nani afaidike? Aokote machungwa yaliyodondoka na kuyafukia ili kuua mabuu ya inzi, kwa faida ya nani? Mnunuzi naye yuko Tanga mjini au Mombasa, na hatakuja na jembe. Shamba lenye wenyewe wawili huwa halina mwenyewe. Nyasi hupanda, inzi huzaana, na jirani aliyeamua kutouza maua yake hupata hasara kwa uzembe wa shamba la pili, maana inzi hajui mpaka.

Ndani ya nyumba nako yapo ya kusema, na ukurasa huu ni wa familia. Mara nyingi palizi ya michungwa imefanywa na mama na watoto. Baba ndiye hukaa na dalali. Mama huja kujua kuwa maua yameuzwa pale watu asiowajua wanapoingia shambani na ngazi na matenga kuchuma. Na ikitokea baba amefariki katikati, baada ya kupokea nusu ya fedha, warithi hukutana na mnunuzi mwenye karatasi moja iliyokunjwa, haina shahidi, haina idadi, haina tarehe ya mwisho. Hapo hugombana wajane na watoto wa kuume, kaka na dada, na mirathi ambayo Qur'ani imeigawa kwa mafungu ya wazi huanza na deni lisilojulikana kiasi chake. Aya ndefu kupita zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Tunaisoma sana, tunaitumia kwa nadra.

Ruzuku inapoangukia mkono mwingine

Haitakuwa haki kusema Serikali haijafanya kitu kwa kilimo. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa shilingi bilioni 294 mwaka wa fedha 2021/22. Kufikia 2024/25 ilikuwa imevuka trilioni 1.2. Tarehe 8 Agosti 2022, katika Nane Nane jijini Mbeya, ulizinduliwa mpango wa ruzuku ya mbolea, na wakulima wakaandikishwa vijijini ili kila mmoja apate punguzo kwa namba yake. Kabla ya hapo, mwaka 2017, ushuru wa mazao unaotozwa na halmashauri ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula, na mwenye mzigo usiozidi tani moja akaondolewa ushuru anapouvusha kutoka wilaya moja kwenda nyingine. Mwaka 2022 nchi ilitiliana saini na China juu ya kuuza parachichi, na wakulima wa Nyanda za Juu Kusini wakapanda miche kwa matumaini makubwa.

Yote hayo ni mema. Lakini mtazame mkulima wa Muheza aliyeuza maua mwezi Novemba. Mbolea ya ruzuku akiitia shambani mwezi Machi, faida yake inamwendea nani? Mtego wa inzi akipewa bure na afisa ugani, chungwa litakalookoka ni la nani? Ushuru ukipunguzwa njiani, nafuu inabaki kwa mwenye mzigo, na mwenye mzigo si yeye. Msaada wa Serikali umelekezwa kwa mwenye shamba kwa kudhania kwamba mwenye shamba ndiye mwenye tunda. Katika michungwa dhana hiyo huvunjika kila mwaka mwezi mmoja baada ya vuli kuanza, na sijaona hotuba ya bajeti inayoligusa jambo hilo.

Wapo wanaopendekeza machungwa yaingizwe katika stakabadhi ghalani, kama korosho. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilipitishwa mwaka 2005, na korosho za kusini zikaanza kuuzwa kwa utaratibu huo mwaka 2007. Korosho hukaa ghalani miezi ikisubiri mnada. Chungwa halina subira hiyo. Likishachumwa linahesabu siku, na ghala lisilo na ubaridi litaligeuza kuwa taka kabla ya mnada wa pili. Viwanda vikubwa vya juisi navyo viko mbali, upande wa Mkuranga na Chalinze mkoani Pwani, wakati lori la mnunuzi wa Kenya linafika hadi kijijini na kuvuka Horohoro kwenda Mombasa. Mkulima hamfuati mnunuzi huyo kwa kutoipenda nchi yake. Anamfuata kwa sababu ndiye aliyefika.

Mauzo ya salam, na kwa nini yanahitaji ushirika

Swali la haki ambalo mkulima atatuuliza ni hili: mmeniambia nisiuze maua, basi Januari niwapeleke watoto shule kwa nini? Ada ya sekondari za Serikali imefutwa, ni kweli, lakini sare, viatu na madaftari havikufutwa. Dini iliyokataza mlango mmoja haikumwacha mtu nje kwenye mvua.

Mtume (SAW) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana fedha za matunda mwaka mmoja au miwili kabla. Hakuufunga mlango wote. Kwa mapokezi ya Ibn Abbas (RA), aliwaelekeza kwamba anayetanguliza malipo ya kitu atangulize kwa kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Haya ndiyo mauzo yanayoitwa salam, au salaf. Mnunuzi hutoa fedha yote leo, katika kikao kilekile cha mkataba, na muuzaji hubeba dhima ya kuleta bidhaa yenye sifa zilizotajwa, kwa kiasi kilichotajwa, siku iliyotajwa. Mkulima anapata fedha yake ya Januari. Mnunuzi anapata bei ya nafuu kwa sababu ametanguliza. Kilichoondoka ni kubahatisha.

Tofauti yake na kuuza maua ni kubwa kuliko inavyoonekana. Katika salam, mkulima anadaiwa kiasi maalumu, tuseme kilo 3,000 za machungwa ya Valencia. Shamba likizaa zaidi ya hapo, ziada ni yake. Basi atapogoa, atatia mbolea, atatega inzi, na ruzuku ya Serikali itakuwa imepata mwenyewe.

Lakini kuna sharti ambalo wengi hulipita. Mafaqihi wamesema salam haifungwi kwenye matunda ya bustani moja iliyotajwa, kwa sababu bustani hiyo inaweza isizae, na hapo tutakuwa tumerudi kwenye maua. Inafaa kwa sifa: aina hii, ubora huu, kutoka eneo pana ambalo kwa kawaida halikosi zao hilo. Mkulima mmoja mwenye miti 60 hawezi kubeba dhima hiyo kwa utulivu. Chama cha ushirika cha msingi chenye wanachama 200 kutoka kata tatu kinaweza. Shamba la mmoja likipigwa na upepo, la mwingine litafidia, na wao wenyewe kwa wenyewe wataliandika deni lao. Sharti ambalo wanafunzi wa fiqhi huliona gumu linageuka kuwa hoja ya kuwafanya watu waungane.

La pili ni mizani. Wanazuoni wa Kishafii walipozungumzia salam katika matunda yanayotofautiana ukubwa, kama komamanga na tikiti, walisema yapimwe kwa uzito, isiwe kwa kuhesabu, maana moja si sawa na jingine. Machungwa yetu huuzwa kwa idadi, kwa tenga, au kwa shamba zima kwa macho, na chungwa la mti mchanga uliohudumiwa huhesabiwa moja sawa na lile la mti uliochoka. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, ipo, na Wakala wa Vipimo umepambana na lumbesa katika viazi na vitunguu kwa kusisitiza gunia lisizidi kilo 100. Nguvu hiyohiyo ingefika kwenye machungwa, kila kata yenye mashamba ikawa na kituo kimoja cha kukusanyia chenye kivuli na mizani iliyohakikiwa, pangekuwa mahali pa kutekelezea mkataba wa kipimo kinachojulikana. Kituo kama hicho hakigharimu kama kiwanda. Viwanda tumeahidiwa miaka mingi. Mizani inaweza kununuliwa na halmashauri katika robo moja ya mwaka wa fedha.

Kwa mzee asiye na nguvu, au mjane aliyebaki na miti na hana wa kuihudumia, pana njia nyingine ya halali, nayo ni musaqa: kumpa mtu miti aihudumie kwa fungu la mazao, kama Mtume (SAW) alivyofanya na watu wa Khaibar kwa nusu ya matunda. Wanazuoni wa Kishafii wamekhitilafiana kama hukumu hiyo inahusu mitende na mizabibu tu au miti yote ya matunda, na Imam Nawawi ni miongoni mwa walioelekea kwenye upana. Hapo mwenye miti na mhudumu wanapata pamoja na kukosa pamoja.

Na yule ambaye tayari amenunua maua msimu huu, mti ukapigwa? Imam Malik anamtaka muuzaji ampunguzie mnunuzi iwapo hasara ya maafa ya mbinguni imefika theluthi. Imam Shafii, katika kauli yake mpya, amelihesabu hilo kuwa jambo linalopendekezwa bila kulilazimisha, na maneno yao wote wawili ni juu ya mauzo yaliyosihi tangu mwanzo. Haya ya maua ni bora warudi mezani pamoja na sheikh wa kijiji kabla ya kwenda baraza la kata.

Fedha isiyo na riba ambayo hatuiombi

Limebaki jambo la fedha ya kuvukia. Benki ya kwanza nchini inayoendeshwa kikamilifu kwa misingi ya Kiislamu, Amana, ilifunguliwa mwaka 2011, lakini mkulima mdogo asiye na hati ya shamba yuko mbali na kaunta ya benki yoyote ile. Mlango ulio karibu naye ni wa halmashauri yake. Kwa sheria iliyorekebishwa mwaka 2018, kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo haina riba. Ilisimamishwa Aprili 2023 baada ya kubainika kasoro katika urejeshaji na vikundi hewa, kisha ikarejeshwa mwaka 2024 kwa utaratibu mpya.

Nimewasikia akina mama wa Kiislamu wakisema hawaombi mkopo wa Serikali kwa kuogopa riba. Khofu yao ni ya kusifiwa, ila katika huu wameogopa kisichokuwemo. Unachorudisha ni kile ulichochukua. Kikundi cha akina mama watano kikipata mkopo huo Desemba, kila mmoja akapata cha kumvusha Januari na Februari, dalali akija na pikipiki yake atakuta mama anamsikiliza kwa adabu na kumwambia arudi Juni, aje na mizani.

Maombi huanzia kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Kikundi kinatakiwa kuwa kimesajiliwa, kina katiba na akaunti ya benki yenye jina la kikundi, na maandalizi hayo huchukua wiki kadhaa hata pale ambapo ofisi haina foleni. Anayetaka fedha kabla ya shule kufunguliwa inampasa awe amekwisha kupeleka karatasi zake wakati maua ya kwanza ya vuli bado hayajafunguka.